Njiti Moja, Mtu Mmoja

Enzi zetu gari la kuchezea halikununuliwa dukani, lilikunjwa kwa mkono. Sisi tuliokulia Busia, upande wa Uganda, tuliokota waya nyuma ya gereji, tukakata magurudumu kwenye kandambili zilizochakaa, na mkebe wa mafuta ya kupikia ukawa bodi. Vidole vilichubuka na hakuna aliyelia, maana mwenye kulia aliitwa jikoni kumenya mihogo.

Uani kwetu tulijenga mji mzima: maduka ya udongo, geti la mpaka la mianzi, na malori yaliyojipanga kuvuka kwenda Kenya, vilevile tulivyoyaona barabarani. Mkubwa wa geti alikuwa kaka yangu Ouma. Mimi Nafula, msichana pekee katika mji ule, nilitaka jambo moja tu: lori langu livuke. Baba alikuwa dereva wa lori la kubeba saruji kutoka Tororo hadi ng'ambo, na nyumbani tulimwona kwa nadra. Lile lori nililitengeneza kwa mfano wa lake, na ndani nikamkalisha baba wa udongo, kofia kichwani.

Likafika getini, likakwama. Paa liligonga mwanzi.

"Hii gari nakwenda wapi?" Ouma aliuliza, mikono kiunoni kama askari. "Dereva yako ni kubwa kushinda nyumba ya watu. Rudisha Tororo!"

Wavulana walicheka hadi wakakaa chini. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia geti lake ni la kuvusha panya. Kanuni ya mji wetu ilikuwa urefu wa kidole kimoja ni mtu mmoja. Basi, kwa kuwa baba ni mtu mzima, nilimpima kwa kidole cha mtu mzima, yaani cha mama. Hadi leo naona nilikuwa na hoja. Ouma alikuwa amepima kwa kidole chake cha mwisho, kile kidogo kabisa, naye hakuona kosa. Tulikaribia kushikana mashati.

Jioni ile baba akaingia, nyusi nyeupe kwa saruji. Alichuchumaa getini, akatusikiliza wote wawili, kisha akatoa kiberiti mfukoni.

"Nyinyi watoto, kila mtu anapima na kidole ya nani?" alisema. "Kidole inakua. Hii haikui." Akasimamisha njiti kando ya geti. "Njiti moja, mtu moja. Mlango, gari, geti, yote inafuata hii."

Nikalibomoa lori nikaanza upya. Baba wa udongo nilimfinyanga tena kwa urefu wa njiti, nikamchoma mekoni asipasuke. Ouma naye aliinua geti lake, amenuna. Baadaye aliponogewa akataka tuongeze na mwamba wa Tororo, lile jiwe refu kama mlima. Baba alicheka hadi akakohoa. "Kupima na njiti hii? Hiyo mwamba itapita paa ya mama yenu!" Tukatumia kichuguu, tukakubaliana kwamba ndivyo mwamba unavyoonekana ukiutazama kutoka mbali, kijijini Kwapa.

Siku lori langu lilipovuka, lilipita bila kugusa mwanzi. Baba alikuwapo, akapiga honi kwa mdomo. Nilitembea kifua mbele mpaka usiku.

Siku hizi mjukuu wangu ana gari la plastiki lenye taa na king'ora. Dereva wake ni simba, na simba mwenyewe ni mkubwa kuliko gari. Nikimuuliza huyo simba aliingilia mlango gani, ananitazama kama mshamba. Malori ya kweli nayo yanavuka upesi kuliko zamani, na uani pale tulipojenga mji pamemwagwa zege.

Baba tulimzika kijijini Lumino. Lakini lori la waya bado liko juu ya kabati langu, lina kutu, na dereva wake hajashuka. Juzi mjukuu alimchomoa.

"Jaja, huyu nani?"

"Baba yangu."

"Alikuwa kadogo hivi?"

Nikachukua njiti ya kiberiti, nikaisimamisha kando yake. Bado walilingana.

"Hapana, alikuwa mtu mzima kamili," nikamwambia. "Sisi ndio tulioipunguza dunia, ili asiende mbali."