Ngumi Moja ya Nyasi

Kwenye kazi za barabara walimwita Mama Majani, na jina hilo alilipata kwa jasho. Tingatinga likishakata kilima, yeye hupanda mbegu za nyasi kwenye mteremko mtupu, akatandaza nyasi kavu juu yake na kuzishikiza kwa vigingi ili mvua isichukue udongo. Sharti lake lilikuwa moja: matandazo hayaondolewi mpaka majani mapya yafike kimo cha ngumi. Ukibisha, anakujibu, "Mgonjwa hafunuliwi kabla homa haijashuka."

Mteremko wake wa mwisho ulikuwa juu ya nyumba aliyoipata mdogo wake. Mdogo mtu alisita kuhamia.

"Hamia bwana," Mama Majani alimwambia. "Kilima hiki nimekishika mimi."

Akahamia na mumewe.

Nyasi zilikuwa kimo cha kidole tu msimamizi alipokuja mbio. Wakubwa wanakuja kesho, wanataka kuona kijani, si makapi.

"Hazijafika ngumi, bosi."

"Asubuhi moja tu, mama! Na nitawaambia huu ni mkono wako."

Hapo ndipo alipokwisha, maskini. Miaka kumi na tisa hakuna mkubwa aliyewahi hata kuinua shingo kutazama kazi yake. Wao husifu lami. Kesho yake mapema aling'oa vigingi mwenyewe, akakusanya matandazo pembeni, akarudi nyuma kutazama. Kijani kilipendeza, acha tu. Alicheka peke yake.

Wakubwa hawakutokea. Saa nane mchana ilitokea mvua, tena ya kuchapa. Maji yalichimba mifereji, udongo ukamomonyoka, kisha kipande kizima kikaporomoka juu ya jiko. Mdogo wake alikuwa humo anaosha vyombo.

Msibani msimamizi alisema kazi ya Mungu haina makosa. Loo! Kwani Mungu ndiye aliyeng'oa vigingi?

Baadaye mume wa marehemu akaja kuketi karibu na Mama Majani.

"Shemeji, kila asubuhi alikuwa akifungua dirisha anatazama yale manyasi makavu. Siku ile hakuyaona. Nikamwambia, twende kwetu kwanza, tujue kuna nini. Akakataa."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Dada anajua anachofanya.'"