Maiti Aliyegoma Kucheka

Mume wangu amekufa mara nyingi, tena vifo vya kila aina: risasi, lori, kipindupindu. Tangu kiwanda cha nyuzi kifungwe hapa Coimbatore, hiyo ndiyo kazi aliyoipata, kulala chini kwenye sinema na kuwa maiti. Ana uso uliochoka, na watu wa kamera wanaupenda.

Sasa sinema zetu za Kitamil zina sharti. Aliyeigiza maiti lazima aamke papo hapo, aitazame kamera, acheke, ndipo mkosi uondoke. Asipocheka, kifo kinamfuata nyumbani. Kwa hiyo kila akirudi namdaka mlangoni, hata maji sijampa: "Baba Kani, umecheka?"

"Nimecheka, mama we. Niache nipumzike."

Juzi wakaja kutengeneza sinema ya mgomo, ndani ya kiwanda chetu kilekile. Mume wangu Masilamani akapewa kufa, mimi nikapewa kumlilia. Polisi wa sinema wakapiga risasi zao, naye akaanguka pale ilipokuwa mashine yake. Nikajipiga kifua hadi sauti ikakauka.

"Safi!" akasema mwongozaji, kijana wa Chennai mwenye miwani. "Haya mzee, cheka tuendelee."

Masilamani akafumbua macho. "Sicheki."

"Unasemaje?"

"Umeandika mwishoni tunashinda, tunavishwa mashada, lango linafunguliwa. Nani alishinda? Tuligoma mpaka watoto wakashindia majani ya mlonge, na lango likafungwa moja kwa moja. Andika tulishindwa, nitacheka."

"Mzee, watu hawalipi kiingilio waje kutazama huzuni. Wanayo nyumbani."

"Basi nami sicheki."

Wee! Mafundi wa taa wakaweka vifaa chini. Hakuna aliyethubutu kugusa kamera. Meneja wa sinema akaja juu: "Huyu mzee anatuchezea! Mtoeni!"

"Mtoe wewe," fundi mmoja akamjibu, "na mkosi wake uende nao kwako."

Mume wangu kalala tu vumbini, damu ya rangi shavuni, katulia. Sijamwona na amani ile tangu kiwanda kifungwe. Lakini mimi? Niliogopa, jamani, niliogopa kweli.

Nikachuchumaa. "Baba Kani, cheka."

"Pechi, niache. Huu mgomo ni wangu."

"Ukinifia je? Nibaki na nani, na yule mbuzi wako kichaa anayepiga kila mtu pembe?"

Hakucheka. Nikamshika kidevu, sasa natokwa na machozi ya kweli. "Nakuomba. Kwa ajili yangu."

Akautoa mkono wangu kidevuni. Kisha akaigeukia kamera, akacheka, kicheko kirefu cha meno yote, mpaka mwongozaji akapiga makofi. Watu wakakimbilia chai.

Akajifuta ile damu kwa pindo la sari yangu. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Wakati wa mgomo ule wa zamani nilimpelekea uji langoni, watoto wanalia njaa, na sikuwahi kumwambia arudi kazini. Wakubwa wa kiwanda walituma watu waje kunilainisha, nikawatimua na ufagio. Mgomo wake huu wa mwisho, wa mtu mmoja, nimeuvunja mimi.