Kumkosoa Bosi Mbele ya Watu, Washington

Mnunuzi wetu wa Marekani ndiye aliyetaka twende. Kiwanda cha nguo ninachofanyia kazi Morogoro ni cha Bwana Minh, Mvietnamu aliyekaa Tanzania miaka mingi. Mnunuzi alisema hatoi oda mpya mpaka Bwana Minh na mimi, afisa mazingira, tusomee uongozi endelevu Washington. Wiki nzima! Nikafungasha.

Jumapili jioni tulitua. Bwana Minh alikwenda hotelini, mimi nikapokewa na binamu yangu Neema, anayehudumia wazee na kuishi Wheaton, kitongoji cha jirani.

Jumatatu asubuhi, darasani, mkufunzi wetu Craig alionyesha slaidi moja iliyoandikwa "Asia", kana kwamba bara zima ni kata moja. Huko, alisema, wafanyakazi wanaogopa kusema. Dawa yake: kila mtu asimame amweleze bosi wake makosa yake, tena amwite kwa jina la kwanza. Yeye mwenyewe alimwita Bwana Minh "Phan", asijue kuwa Phan ni jina la ukoo.

Jumanne zamu yangu ilifika. Bwana Minh alikuwa akitazama kalamu yake. Nikasema sina la kusema. Craig akanitazama kwa huruma, akaandika kitu. Huruma ile ilinikera kuliko tusi.

Jumatano jioni Neema alitualika chakula. "Dada, hiyo training inaku-stress," alininong'oneza jikoni.

"Just tell him, Auntie," binti yake akadakia.

Bwana Minh akaja na sahani yake kwenye sinki. "Jana, kwa nini wewe nyamaza?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kiwandani.

"Nilikulindia heshima, bosi."

"Heshima gani? Watu wote nafikiri wewe naogopa mimi."

"Nakuogopa kweli."

Alicheka, kisha akaacha. "Sema sasa."

Nikasema. Wanawake wa idara ya rangi wanachovya mikono mitupu kwenye dawa. Glavu zipo stoo, funguo anazo shemeji yake Bwana Minh, na hakuna anayethubutu kumwomba.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na wewe najua."

Siku tatu nilikuwa nimeikasirikia slaidi ya Craig, kumbe na mimi nilikuwa na yangu kichwani, iliyoandikwa "Bosi".

Ijumaa tulipewa vyeti. Craig alituambia bado tuna kazi kubwa. Tukashukuru.

Jumatatu iliyofuata, Morogoro, Bwana Minh alijaribu mbinu ya Craig. Aliwakusanya wanawake wa rangi akawaambia wamkosoe. Kimya. Nilitamani kupiga kelele. Mwishowe nikamwomba atoke.

Mlango ulipofungwa tu, Mama Shani akaanza, wengine wakafuata, saa nzima. Niliandika yote bila majina, nikampelekea. Glavu ziligawiwa siku hiyohiyo. Shemeji hanisalimii mpaka leo.

Juzi ilikuja fomu ya mnunuzi: je, wafanyakazi humkosoa kiongozi ana kwa ana? Ndiyo au hapana. Sikuweka alama popote. Niliandika chini kwa kalamu: "Njooni muwaulize wenyewe, bosi akiwa nje."