Bendi ya Ghala na Kanda ya Bi Mahfudha

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya kazi, mjomba wangu Ngowa alikaa kizingitini na kuirudisha kanda nyuma kwa biro. Redio hakuitumia, alisema inakula betri na inakula utepe. Alitia biro kwenye tundu la kanda, akazungusha, akazungusha, chai yake ikipoa pembeni. Kisha aliipuliza kama mtu apulizaye uji wa mtoto, akaitia mfukoni mwa shati, akashika njia ya Mbaraki, alikokuwa mlinzi wa lango gatini. Akirudi jioni, kanda ilikuwa tayari kupokea wimbo.

Na wimbo haukukosa. Bendi yao iliitwa Bendi ya Ghala, kwa sababu walipigia kwenye ghala la chini la nyumba ya Bi Mahfudha, hapo Kibokoni, mahali ambapo marehemu mumewe aliweka magunia ya tende. Mimi na mama yangu, Mercy, tulipanga chumba cha nyuma, na mjomba, ambaye ni kaka yake mama, alilala sebuleni kwetu. Mimi shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa pale, na mengi niliyaona.

Walianza mwaka wa themanini na nne, wakipiga gitaa za umeme kupitia spika ya msikiti iliyotupwa. Sauti ilitoka imekwaruza kama bati linaloburutwa, na mjomba akaipenda hivyo hivyo. Watu walikuwa wamezoea taarabu na rumba. Wakauliza, huu ni muziki gani? Mjomba akasema, ni rock, lakini ya hapa. Wapiga dramu walikuja wakaondoka: mmoja alipata kazi melini, mwingine aliokoka, mwingine alioa mke asiyetaka kelele. Aliyebaki miaka yote ni Mutunga, Mkamba wa reli, mpiga besi, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka.

Sheria ya mjomba ilikuwa moja tu. Wimbo ukija leo, unarekodiwa leo, mara moja, hata kama mtu amekosea. Aliimba foleni ya feri. Aliimba moshi wa taka za Kibarani. Aliimba jino la Mutunga siku lilipong'olewa. Kanda zilijaa boksi za viatu, boksi zikajaa uvungu wa kitanda. Bwana mmoja wa kampuni ya muziki alitoka Nairobi akazisikiliza, akasema, "Chagueni kumi nzuri, hizi nyingine mtupe."

Mjomba akamuuliza, "Una watoto wangapi, bwana?"

"Wanne."

"Nichagulie wawili wazuri."

Yule bwana alipanda gari lake akaenda zake, na kanda zikaendelea kuuzwa na Jefwa pale Makadara, kwenye meza yake kando ya wauza viazi.

Majirani walipolalamika, Bi Mahfudha ndiye aliyesimama mbele yetu. Kwa wanaume alisema maneno machache, buibui limemfunika vizuri: "Ikiadhiniwa isha watanyamaza. Nimeshawaambia." Kwa wanawake wenzake alisema, "Marehemu wangu alikoroma kuliko hawa, na hamkuja kulalamika." Kodi ya ghala hakutaka. Mjomba alikuwa akisema bendi ina watu wanne na Bi Mahfudha. Akimpita ngazini alisimama ukutani, macho chini, mpaka bibi apite. Bila heshima ya mama yule, hakuna bendi, na mjomba alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwaka wa tisini na sita, Bi Mahfudha alimuoza bintiye kwa kijana wa Maskati. Usiku wa kuamkia harusi wanawake wakafanya ngoma ya ndani, ile ambayo mwanamume hakanyagi, hata mvulana mdogo anafukuzwa. Milango ilifungwa, mabuibui yakavuliwa, na bibi harusi akafundwa kwa nyimbo. Mambo ya chumbani yanaimbwa humo, na waume wanatajwa majina na kuchekwa. Bi Mahfudha aliirekodi ili bintiye awe nayo huko ugenini. Kabla kanda haijapelekwa, redio ikaitafuna.

Alishuka nayo mwenyewe, ameifunga kwenye leso.

"Ngowa, baba, nitengezee hii."

"Nipe wiki moja, Bi Mahfudha."

"Lakini usisikize. Mna sauti za wake za watu humo."

Mjomba akaweka mkono kifuani. "Haki ya Mungu, sikio langu halitaingia."

Na halikuingia. Nilimwona akifungua skrubu, akakata kipande kilicholiwa, akaunga, akafunga, na redio hata hakuisogelea. Upande mmoja wa kanda ulikuwa umeandikwa "Kesha". Upande wa pili haukuandikwa kitu.

Siku ile ilikuwa Jumapili, na wimbo ukaja. Ukaja na wenzake, nyimbo nne kwa mpigo, na wa kwanza ulikuwa wa vumbi la Makupa. Hata mama aliacha kuchambua mchele akasimama mlangoni. Kanda tupu hazikuwepo. Jefwa alikuwa amefunga meza, ameenda kwenye matanga Kaloleni.

Mutunga akaonyesha kidole. "Si hiyo hapo?"

"Ya Bi Mahfudha hiyo."

"Upande wa pili je?"

"Hauna kitu."

"Jaribu kwanza, tusikie."

"Nimempa neno langu sitaisikiliza."

Mutunga akacheka. "Sasa wewe, usiposikiliza utajuaje hauna kitu?"

"Ungekuwa na kitu ungeandikwa. Yule mama ni mtu wa mpango. Nyinyi nakilini, kisha nitaufuta nimrudishie upande wake safi."

Wakarekodi. Walipomaliza nyimbo zao nne, utepe ulikuwa bado umebaki. Kesho yake Mutunga alitia kanda kwenye redio yake ya kaseti mbili, akabonyeza, akaenda zamu yake ya reli, akaiacha ijinakili yenyewe mpaka izime. Hivyo ndivyo walivyofanya miaka yote, na haikuwahi kuwa na ubaya. Alifanya hivyo wiki nzima, nakala baada ya nakala, kisha akampelekea Jefwa, na mjomba akaufuta upande ule bila kuusikiliza, akamrudishia Bi Mahfudha kanda yake.

Basi, miaka yote ile, na kanda chungu nzima, hii ndiyo watu waliyoipenda. Nilisikia vijana wakiimba vumbi la Makupa kwenye bomba la maji. Jefwa aliitia kwenye spika yake kubwa. Mjomba alianza kutembea kifua mbele, na mimi nilifurahi kwa ajili yake. Leo nikikumbuka ile furaha nataka kujifunika uso.

Jioni moja nilikwenda naye Makadara kubeba viazi vya mama. Wanaume waliokaa wakinywa kahawa wakamwita.

"Ngowa! Kumbe mmeajiri mwimbaji mpya!"

"Yule mama ana koo, bwana! Na maneno yake!"

"Mwambie atufunde na sisi!"

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Mjomba hakuelewa, akadhani ni sifa. Akacheka pamoja nao. Akainua mkono kama mtu wa jukwaani, akasema, "Asanteni, asanteni, mazuri zaidi yanakuja." Wakazidi kuangua vicheko. Jefwa akamkimbilia, akamshika mkono, akamvuta nyuma ya meza.

"Kaka, hukuisikiliza mpaka mwisho?"

"Mwisho upi?"

Jefwa akapunguza sauti ya redio, akaweka kanda. Wimbo wa nne ukaisha. Pakawa kimya kidogo. Kisha ngoma, na makofi, na vigelegele, na sauti ya Bi Mahfudha, ile sauti inayosema na wanaume kwa maneno machache, ikimtaja marehemu mumewe kwa jina na kueleza alivyokuwa usiku. Maneno yenyewe sitayaandika. Wanawake wengine wakaitikia, nao wakataja wa kwao, na mmoja ni mke wa mwalimu wa madrasa.

Mjomba aliizima kwa kiganja kizima, kama mtu anayeua nyuki.

"Ni mimi niliyeipiga kwenye spika," Jefwa akasema. "Nilikuwa ng'ambo ya barabara nanunua mishikaki. Nilidhani bado ni nyinyi."

Tulirudi bila viazi.

Alichofanya baadaye ndicho kilichomaliza mambo. Alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya zile kanda. Alibisha hodi, akasema, "Samahani, ndugu yangu, naomba ile kanda, na tafadhali usisikilize mwisho wake." Sasa mtu ukimwambia asisikilize mwisho, atafanya nini? Waliokuwa hawajausikia wakaifikisha kanda mwisho usiku uleule. Wengine walimrudishia wakiwa wanatabasamu pembeni mwa mdomo. Wengine walisema imepotea, na tulijua haijapotea. Mutunga alimwambia, "Ngowa, keti chini. Unaipigia debe." Hakumsikia. Kila mlango aliotoka, alitoka mdogo zaidi.

Mama aliniambia, "Dama, usiende bombani leo, nitakwenda mimi." Akarudi na ndoo nusu.

Ikawa hakuna wanawake wanaopanda tena ngazi kwa Bi Mahfudha. Mke wa mwalimu alirudi kwao Malindi. Wengine walisema ni kwa wiki moja, wengine wakasema amepewa talaka. Alhamisi Bi Mahfudha akamwita mjomba. Alisimama ngazini juu, mjomba chini, na mlango wetu ulikuwa wazi.

"Ulisikiza?" akamuuliza.

"Haki ya Mungu, Bi Mahfudha, sikusikiza hata neno."



"Ungelisikiza, Ngowa. Ungelisikiza peke yako ungelijua hakuna upande mtupu. Ningelikuwa nimeaibika kwa mwanamume mmoja, na huyo mmoja ni mtoto wangu."

Mikono ya mjomba haikujua pa kukaa.

"Nitahama, Bi Mahfudha. Hata leo."

"Nani amekwambia uhame? Nimekufukuza? Ghala ni lenu. Jumapili pigeni kama kawaida. Mkinyamaza watu watasema mengine."

Akageuka akapanda. Angemtukana, nadhani mjomba angebaki. Angemtupia vyombo nje, mjomba angemwomba radhi mbele za watu, angelala mlangoni kwake. Lakini alimwachia kila kitu kama kilivyokuwa, na hilo mjomba hakuwa na mahali pa kuliweka. Siku zile tatu hakula nasi. Alisema ameshiba kazini.

Jumapili wakakusanyika. Mutunga alijaribu mzaha kuhusu tumbo lake, hakuna aliyecheka. Mpiga dramu, kijana wa Mikindani aitwaye Benard, akagonga vijiti, wakaanza. Haikufika hata ubeti wa pili. Mlango wa ghala ukasukumwa, na Bi Mahfudha mwenyewe akaingia na sinia: kahawa, kaimati, vikombe vya wageni. Akaliweka juu ya spika. Wanabendi wote wakatazama sakafu, Benard akaiuma midomo kuzuia kitu, sijui kicheko au nini. Mama yule aliona. Alimimina kahawa kikombe kimoja, akasema, "Kunyweni ingali moto," akatoka.

Mjomba akavua gitaa, akaliegemeza ukutani, nyuzi zikalia kwa sababu spika ilikuwa bado imewashwa.

"Unaenda wapi?" Mutunga akauliza.

"Nakuja."

Alinipita mlangoni. Alikuwa na kandambili na shati la kazi, mifukoni hamna kitu. Alipofika kwenye kona ya mfua dhahabu wanaume waliokaa barazani wakamwamkia, naye akajibu kila mmoja, kwa adabu, jina kwa jina. Kisha akapinda kona, na hakurudi.

Mutunga alingoja mpaka adhana ya isha, ndipo akaizima spika.