Jirani Aliyeomba Moto

Dhoruba iliondoka na mabati ya jiko letu na kuyalaza chini mahindi yote ya mama. Kisha ikatuachia mawingu. Mtaa wetu wote wa Kasungami ukawa tope, nguo hazikauki, umeme hakuna, na mchana wenyewe ungedhani ni magharibi.

Mimi hali ya hewa ya namna hiyo hunikasirisha tu. Mama humlaza. Tangu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, atutoke katika msimu wa mvua, mama akikosa jua siku kadhaa hugeukia ukuta na kuacha kula. Msimu uliopita alikonda hadi nikaogopa kwamba tutampoteza. Safari hii niliapa sitamwacha azame. Nikampikia uji, nikamwashia redio ya betri, nikamhubiria kwamba baada ya dhiki faraja. Akajifunika blanketi hadi kichwani, na kwa kweli simlaumu.

Aliyemwinua ni jirani yetu, mjane mwenye asili ya Kasai ambaye watoto wake wote wamehamia Kolwezi. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kigae mkononi, akisema maneno yale yale:

"Mama, mbabula yangu ilizima. Unipatie moto kidogo."

Nyumbani kwetu mtu haombi moto akanyimwa, na anayeutoa ni mwenye nyumba, si binti yake. Basi mama aliguna, akainuka, akaenda kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, akamchagulia makaa mekundu. Wakianza kusemezana juu ya mahindi na magoti yao, hawamalizi. Jirani alipoondoka, mama alikuwa keshakaa karibu na moto, na kwa kuwa sufuria nayo ilikuwa karibu, alikula.

Nami nikajitia wema. Nilimwonea huruma mama kusumbuliwa kila siku, kwa hiyo asubuhi moja ya manyunyu nikawahi kumpelekea jirani makaa mwenyewe. Nilimkuta ameketi mbele ya mbabula inayowaka vizuri, maharagwe yakichemka. Akanitazama, akayatazama makaa yangu, akacheka kidogo kwa haya. Hakuja kwetu siku hiyo, na mama hakutoka kitandani wala hakutia kitu kinywani.

Jioni sikuweza kuvumilia. Nilimwambia mama kwamba nimeharibu mambo, kwamba jirani hakuwahi kukosa moto, alikuwa anakuja kwa ajili yake tu. Nilitazamia akasirike. Akageuka kutoka ukutani.

"Najua. Moshi yake naonaka kila asubui. Lakini ule mama iko peke yake mu nyumba. Nikilala, atakuya kuomba moto kwa nani?"

Nilimpa uji, akanywa nusu kikombe, nami nikashukuru kwa hiyo nusu.

Kulipokucha mawingu yalikuwa pale pale. Niliamka nikakuta kitanda cha mama kitupu na mbabula yetu imeshawashwa, inawaka vizuri. Nikatoka nje. Mama alikuwa njiani, ameshika kitenge kisiguse tope, kigae mkononi, anakwenda kwa jirani kuomba moto.