Mama Alimtambua kwa Mbali

Mume wangu alipigana Vita vya Kagera, na katika miaka yote ya ndoa yetu alinisimulia habari za vita vile mara moja tu, siku tuliyomzika mama yake. Sasa na yeye hayupo. Wanangu wako mikoani, mimi nimebaki Kimara na nyumba kubwa isiyo na wa kugombana naye.

Jumamosi moja binti wa jirani, anayesoma chuo, alibisha hodi.

"Shikamoo bibi. Kuna filamu ya Vita vya Kagera, wametengeneza vijana wa hapahapa Dar. Inaoneshwa leo mchana ukumbini kule Mbezi. Twende, si babu alikuwepo?"

Nikavaa gauni la kanisani, tukaenda.

Ukumbi ulijaa. Wanajeshi wa kwenye filamu walivaa sare zilizopigwa pasi, na msichana aliyekuwa akimngoja mmoja wao alisuka rasta ambazo miaka ile hatukuzijua. Nyuma ya migomba ukaonekana mnara wa simu.

"Bibi, minara ilikuwepo?" binti akaninong'oneza. Tukacheka mpaka mtu wa mbele akageuka.

Kisha kijana akarudi kutoka vitani. Mama yake alikuwa shambani. Akamtambua kwa mbali, akatupa jembe, akamkimbilia, na kijiji kizima kikatoka na ngoma. Ukumbi ukapiga vigelegele. Mimi nilinyamaza.

Mume wangu alichelewa kurudi kwa sababu alilazwa na malaria kali. Alipotoka hospitali, sherehe za kuwapokea wenzake zilikwisha kupita. Alitembea peke yake kutoka kituo cha basi hadi shambani kwa mama yake, amekonda mno. Mama akainua uso, akamtazama, akamuuliza, "Unamtafuta nani, baba?" Aliniambia alisimama tu pale, begi mkononi.

Filamu ilipoisha, mtengenezaji wake, kijana mpole mwenye kofia, akaruhusu maswali. Nikainuka, nikayaeleza hayo.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini ningeiweka hiyo, watu wangetoka hapa wanalia. Wamekuja kufurahi."

"Sikulaumu, mwanangu. Nilitaka tu mjue."

"Nashukuru, mama." Akampa mwingine kipaza sauti.

Nyumbani nilikaa jikoni bila kupika. Nilitamani kumsimulia mume wangu filamu ile. Zile sare zingemkasirisha, nilijua. Halafu nikawaza, pengine angenyamaza kama mimi. Pengine angetaka kukaa pale kwenye giza la ukumbi, amwangalie yule mama akikimbia.

Nikampigia simu mwanangu wa kwanza, aliyeko Mwanza, nikamweleza baba yake alivyorudi.

"Mbona hakuwahi kuniambia?"

"Hakuwa mtu wa kusema."

Nikasikia wajukuu wakipiga kelele nyuma yake.

"Na hiyo filamu, mama, ni nzuri?"

Nilifikiri kidogo. "Nzuri. Ukiipata, waoneshe watoto. Ila wakifika pale mama anapokimbia, isimamishe kwanza, uwaambie babu yao alivyopokelewa."

Akasema sawa, akaniaga haraka, maana watoto walikuwa wanamwita.