Kosa Nililolifurahia Redioni

Kwa miaka mingi nimekuwa afisa wa kilimo upande wa Karurumo, na wakulima huniita mwalimu. Kabla ya kila mavuno ya mahindi niliwaitia mkutano kwenye uwanja wa kanisa, nikawaeleza kwa Kiswahili kilichojaa Kiingereza habari za aflatoksini, ile sumu ya ukungu isiyoonekana kwa macho. Walinisikiliza kwa heshima, wakaenda nyumbani, wakaanika mahindi juu ya udongo kama zamani.

Kisha redio ya jamii ikafunguliwa mjini Embu, na kipindi cha kilimo kwa lugha yetu ya Kiembu kikapewa mwanamke niliyeketi naye dawati moja shule ya msingi. Darasani nilimshinda kila muhula. Chuo hakukiona. Aliuza ndizi sokoni na kusoma matangazo kanisani, basi. Msimu wake wa kwanza aliwaambia watu watie mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa, watikise. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Wiki hiyo nilipita na pikipiki yangu nikaona maturubai ya kuanikia mahindi yametandazwa boma baada ya boma. Hata mama yangu, ninayeishi naye, aliniinulia chupa mbele ya uso, akanieleza jambo nililokuwa nimemfundisha mara tatu.

"Huyu anaeleza vizuri," akasema. "Wewe huongea kama karatasi."

Nilicheka, nikasukuma sahani yangu kando.

Tangu hapo sikukosa kipindi chake. Nilikuwa nikimvizia akosee. Asubuhi moja mama fulani alipiga simu kuuliza afanye nini na mahindi yaliyooza, naye akamjibu asiyatupe, awape kuku. Nilikuwa nikinywa chai, na moyo wangu uliruka kwa furaha. Ukungu ule huua kuku, na sumu yake huweza kuingia hata kwenye mayai. Ningepiga simu papo hapo. Badala yake nikajiambia nimechelewa, nikaenda zangu semina Meru siku tatu, nikitumaini wenye elimu watalisikia kosa lake na kumcheka.

Niliporudi, mama alikuwa nyuma ya nyumba akichimba shimo. Kuku wake sita walikuwa wamelazwa juu ya gunia. Alikuwa amewapa yale mahindi mabovu tuliyokuwa tumeyatenga ya kutupa.

"Redio ilisema," akaniambia, kama mtu anayejitetea.

Sikumwambia kwamba na mimi nilisikia.

Siku hiyo hiyo nilienda studio, nikamweleza yule niliyeketi naye dawati moja habari za kuku. Nilitarajia abishane. Alijishika kichwa, akauliza kama kuna mtu amekula mayai ya kuku hao. Nilipomwambia hakuna, akanivutia kiti mbele ya maikrofoni, akaniomba niwaeleze watu mwenyewe, kwa Kiembu. Nikaanza. Sentensi ya pili nikakwama. Niliyojifunza chuoni sikuwa na maneno yake katika lugha ya nyumbani, na sikuwahi kuyatafuta. Akaweka mkono juu ya mkono wangu, akaendelea yeye. Alikiri kosa lake bila kulipamba, akasema kuna mwalimu amemsahihisha, na kila nilichomnong'onezea kwa Kiswahili kikatoka kinywani mwake kikiwa maneno ya jikoni.

Simu ziliingia mfululizo. Wote walimshukuru yeye.

Tulipotoka nje akaniuliza nilijuaje kuhusu kosa lile.

"Mama aliniambia," nikajibu.

Akanishukuru kwa mikono miwili.

Siku hizi kila Jumatatu humwandikia maelezo, naye huyapeleka hewani. Wakulima hukausha mahindi vizuri, na mabovu huyafukia. Kazi iliyonishinda miaka yote inafanyika, na ninajua ningepaswa kufurahi kuliko ninavyofurahi. Zile siku tatu za Meru sijamwambia mtu. Kipindi kikianza, mama huongeza sauti na kuniinulia kidole ninyamaze, ilhali maelezo yanayosemwa nimeyaandika mimi. Mimi humenya viazi, na wivu huniuma vilevile.